Tende Niliyomtafunia Mpwa Wangu

Kosa langu la kwanza katika ujomba ni kwamba nilinawa mikono mara tatu, mdomo sikuufikiria.

Dada yangu alijifungulia nyumbani kwetu Bububu, miaka minne baada ya Mapinduzi. Mumewe alikuwa kazini Pemba, hivyo kumtilia mtoto tende kukaniangukia mimi. Desturi ni kuitafuna mpaka ilainike, kisha kumpaka mtoto kaakaani. Nami nilikuwa na malengelenge pembeni mwa mdomo, yale yanayotoka homa ikipoa.

"Mdomo huo si wa kutafunia tende," mama alisema. "Nipe mimi."

"Mama, nshapona. Nshasoma habari zake."

"Haya, daktari wa vitabu!" Akacheka, akaniachia.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, cha tiba, hakina jalada. Nilijifunza peke yangu, na niliona haya kuulizwa jambo nikakosa jibu. Nikatafuna, nikampaka, na kwa furaha nikambusu macho yote mawili.

Siku ya nane jicho la kushoto likavimba, likawa jekundu. Mama akasema apelekwe hospitali. Mimi nikafungua kitabu: watoto wachanga hutokwa na tongotongo, wapakwe dawa. Juu ya ukope wake palikuwa na vipele vidogo vya maji ambavyo kitabu hakikuvitaja. Niliviona. Vilikuwa vinaniharibia jibu langu, nikavipuuza. Nikanunua dawa ya mrija, nikampaka siku tatu kwa saa zake, sikukosa hata mara moja.

Siku ya nne ya dawa mboni ikafunga ukungu. Dada hakungoja arobaini. Alimfunika mtoto kwa kanga, tukaenda naye mjini.

Daktari alilitazama jicho, kisha akanitazama mimi mdomoni, palipobaki alama.

"Nani alimbusu huyu?"

"Mimi."

"Hivi vipele ni vyako. Ni virusi, na dawa mliyompaka haiui virusi. Siku ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kumleta."

Mtoto alipona, lakini kovu lilibaki katikati ya mboni, na jicho lile halioni. Siku ile, njia nzima ya kurudi nyumbani dada hakunilaumu. Tulipofika mlangoni ndipo aliponiuliza, "Kaka, kwa nini hukuniambia kuwa hujui?"



Siku hizi mtoto wa kwetu akivimba jicho, hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mimi ndiye ninayembeba.