Jiko Lililoinuliwa

Juzi maktabani shuleni nilifungua gazeti kuukuu, nikaona jiko la nyumba ya Marekani, jeupe, na mwanamke amesimama akipika. Picha kama hiyo Mama aliibandika ukutani kwetu Tingi, tulipohamia kijiji cha ujamaa. Nilikuwa mdogo, nikamwonea huruma yule mwanamke.

"Maskini, hana hata kigoda," nikasema. Sikujua kwamba mtu aweza kusimama kwa kupenda.

Mama, ambaye kuinama kulimuumiza mgongo, hakucheka. Alikanda udongo, jiko zima likanuka mvua, akajenga jukwaa la kufika kiunoni ili mafiga yakae juu. Mjomba akachungulia.

"Dada, siku hizi unapikia kitandani?"

"Ndiyo, na wewe utalala na njaa."

Baba alinung'unika kwamba mama yake amepika ameketi maisha yake yote. Mama akaendelea kukandika. Udongo ulipokauka, akawasha kuni, akasonga ugali amesimama wima, bila kushika kiuno hata mara moja.

Baba alikula ugali ule. Alipomaliza kunawa, akauliza kama udongo umebaki, ampelekee Bibi.