Kishiwa Aliyerudi na Madrasi

Kijijini Kisanga, Kilosa, Kishiwa walimwita Mama Kulwa, kwa jina la pacha wake wa kwanza, mpaka aliporudi kutoka India. Baada ya hapo wengine wakaanza kumwita Mama Madrasi, na jina hilo lilizaliwa na kutosikia vizuri. Jirani yake Katarina, Mkaguru ambaye wazee wake walitoka Mamboya, alimuuliza alikuwa wapi muda wote ule. Kishiwa akajibu, "Madrasi." Katarina akasikia madrasa. Wiki nzima habari ikazunguka bombani kwamba yule mama Msukuma, mwimbaji wa kwaya, kasilimu na kuanza kujifunza Kurani. Habari ilipomfikia mwenyewe, alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini safari yenyewe haikuwa na kicheko. Mdogo wake, Shigela, alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Alishikwa na homa wakati familia yao inahama na ng'ombe kutoka Shinyanga kuja Kilosa. Homa ilimwacha hai, ila iliharibu kilango kimoja cha moyo, kikawa hakifungi sawasawa. Alipokua kijana wa kuoa, hakuweza kutoka nyumbani mpaka kwenye majaruba ya mpunga bila kusimama njiani, ameshika magoti, akitafuta pumzi kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Madaktari wa Dar es Salaam wakasema apelekwe India, kama wengi walivyopelekwa miaka ile. Ukoo ukauza mifugo, kanisa likachanga. Lilipokuja swali la nani aende naye, macho yote yakamgeukia Kishiwa, kwa kuwa ndiye aliyembeba mgongoni wakati ule wa kuhama.

"Mimi hata Morogoro mjini napotea," Kishiwa alisema.

"Basi tutapotea wote, dada," Shigela akamjibu.

Mji waliofikia una majina mawili. Kwenye karatasi za hospitali uliandikwa Chennai, lakini wazee wake bado wanauita Madrasi, jina la zamani, tangu Waingereza walipojenga ngome yao juu ya mchanga, katikati ya vijiji vya wavuvi, na bandari ikakua, na mji ukavimeza vijiji vyote pamoja na mahekalu yake. Kishiwa hayo aliyajua baadaye. Siku za mwanzo aliishi kama mtu aliyeamshwa nusu. Alisikia harufu ya kahawa, ya samaki, ya udi. Aliona wanawake wamesuka maua ya yasmini kwenye nywele wakienda tu sokoni, kama kwamba kila siku ni harusi ya mtu.

Shigela alilazwa. Kishiwa akapata chumba cha juu kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, katika mtaa wa zamani uitwao Mailapuri. Kila mtu alimwita bibi huyo Pati, neno ambalo kwa Kitamili ndilo bibi. Chumba cha pili alikaa Yusrah, binti wa Tanga aliyekuwa akimuuguza mama yake. Yusrah alijua Kiingereza na alikuwa amekaa pale muda mrefu, akawa ndiye masikio na mdomo wa Kishiwa.

Asubuhi ya kwanza Kishiwa aliamka kabla ya jua, kama mkulima yeyote, akashuka ngazi. Pati alikuwa nje ya mlango, ameinama bila kukunja magoti, vilevile anavyoinama mwanamke anayepandikiza mpunga. Alikuwa amekwisha kufagia na kunyunyiza maji. Mkononi alikuwa na bakuli la unga wa mchele, akiupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, unga ukitiririka kama uzi. Aliweka nukta kwanza, safu kwa safu. Kisha akavuta mstari ukizunguka nukta, ukipinda, ukirudi, ukijipita wenyewe, mpaka ukafika ulikoanzia bila kukatika. Kishiwa akainua macho. Mtaa mzima ulikuwa na wanawake walioinama, kila mmoja mbele ya mlango wake, hakuna anayesema neno, na chini ya mikono yao ardhi ilikuwa inachanua maua meupe.

Alirudi juu akiwa na hofu kidogo. Kwao unga unaomwagwa mlangoni una maana zake, na si zote njema.

"Ni pambo," Yusrah alimweleza, "na ni sadaka pia. Sisimizi wanakula, shomoro wanakula. Mlango wenye maua ya unga unasema humu ndani kuna heri. Nyumba ikifiwa hawachori."

Neno hilo la mwisho likakaa kifuani mwa Kishiwa kama mwiba wa samaki.

Siku ya upasuaji walimwambia asisubiri wodini, watampigia Yusrah simu. Akatembea tu, akifuata upepo, mpaka akaiona bahari, na karibu na bahari kanisa jeupe lenye mnara mrefu. Mlinzi, aliyejua maneno machache ya Kiingereza na mikono mingi ya kuyaongezea, alimwonyesha sakafu. Chini hapo, alisema, wanaamini alizikwa mtume Tomaso, aliyekuja na chombo kutoka mbali.

Kishiwa alimkodolea macho. Tomaso! Akainua kidole chake, akakigusisha ubavuni mwake mwenyewe, kuuliza kama ni yule. Mlinzi akacheka, akaitikia kwa kutikisa kichwa upande kwa upande, kama walivyo watu wa kule.

Basi akakaa kwenye benchi, akazungumza na Tomaso kwa Kisukuma, kama mtu wa nyumbani. "Wewe ulitia mkono kwenye jeraha na hukudhuru. Waongoze hawa waliotia mikono kifuani mwa mdogo wangu."

Alirudi mtaani alasiri. Alipofika mbele ya nyumba ya Pati, akasimama ghafla. Mlangoni palikuwa patupu. Yale maua ya asubuhi hayakuwepo, kulikuwa na vumbi tu na alama za viatu. Hakukumbuka kwamba kila siku yalifutika hivyohivyo kwa nyayo za wapita njia. Aliona patupu, akakumbuka neno la Yusrah, akapiga yowe.

Pati akatoka mbio, Yusrah nyuma yake. Ilichukua muda kumtuliza na kuelewa analia nini. Yusrah alipotafsiri, Pati hakucheka. Aliingia ndani akatoka na bakuli la unga. Haikuwa saa yake, na majirani wakachungulia. Bibi akatia unga katika vidole vya Kishiwa, akamshika kifundo cha mkono, wakaanza kuchora pamoja. Mkono wa Kishiwa ulikuwa wa jembe, mistari ikatoka minene kama viazi vitamu. Pati akaisukuma, akaizungusha. Walikuwa bado nusu ya ua la kwanza wakati simu ya Yusrah ilipoita.

"Katoka salama!" Yusrah alipaza sauti. "Mama Kulwa, katoka salama!"

Kishiwa alitaka kusimama aruke. Pati akambana mkono, akamwonyesha mstari. Umalize kwanza.

Kilango kipya cha Shigela kilikuwa cha chuma, na kililia. Chumba kikiwa kimya uliweza kukisikia, tik, tik, kama saa ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Mwanzoni Kishiwa aliogopa. Kisha jioni moja Yusrah alimchukua kwenda ufukweni, ambako mji mzima hutoka kupunga upepo, na huko akaona makaburi ya viongozi wao, makubwa kama viwanja. Kwenye kaburi moja, la mwigizaji wa filamu aliyekuja kuwa kiongozi na kupendwa mno, watu walikuwa wakiinama na kulaza sikio juu ya jiwe.

"Wanasikiliza nini?"

"Wanasema alizikwa na saa yake," Yusrah alisema, "na bado inatembea."

Kesho yake Kishiwa aliingia wodini, akalaza sikio kifuani mwa mdogo wake, akakaa hivyo kwa muda mrefu akitabasamu. Tangu siku hiyo mlio ule haukumtisha tena.

Ulikuwa mwezi ambao watu wa mji ule huuita mwezi wa nyimbo. Alfajiri makundi yalipita yakiimba, na maua ya milangoni yakawa makubwa kuliko kawaida, mengine yakaziba nusu ya njia, na waendesha baiskeli wakayakwepa. Alasiri Pati alimpeleka kwenye ukumbi ambako wazee walikaa kumsikiliza mwimbaji mmoja, wakipiga mapaja yao taratibu kwa viganja, na mwimbaji akipinda sauti mahali pagumu ukumbi mzima ulitoa mguno wa kushiba. Nje, picha za wanasiasa zilisimama ndefu kuliko nyumba, na chini yake wauza maua na madereva wa bajaji walibishana siasa hadi kahawa ikapoa. Kishiwa hakuelewa neno hata moja. Aliyaweka yote tu, kama mtu anayejaza kihenge bila kujua njaa itakuja lini.

Shigela hakuona lolote kati ya hayo. Alichokiona ni dari, wauguzi, na dirisha la gari siku ya kwenda uwanja wa ndege. "Nimekwenda hadi India," alisema kwenye ndege, "na sijafika."

Nyumbani Kisanga, asubuhi ya kwanza, Kishiwa alifagia uwanja, akanyunyiza maji, akachora. Mumewe, Mhoja, akasimama mlangoni.

"Mwangaluka," akamwamkia kwa Kisukuma. "Huo unga una kosa gani?"

"Hauna kosa. Unashukuru."

Mhoja akaitazama ile kazi, akaizunguka kwa uangalifu kwenda kufungulia ng'ombe. Kuku walikula ua lote kabla chai haijachemka. Kesho yake akachora tena.

Kuku hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa watu. Kati ya wafugaji waliokuja na wakulima waliowakuta, maneno hayakosekani, na sasa mlangoni kwa Wasukuma kulikuwa na alama nyeupe kila asubuhi. Mbuzi wa mtu akatupa mimba. Mtoto wa mwingine akaumwa tumbo. Katarina, aliyezoea kukatiza uwanjani akienda bombani, akaanza kupita njia ya mbali. Siku moja akaja Mwalimu Cleopa, anayeongoza ibada katika kanisa la Anglikana ambako Kishiwa alikuwa akisali. Alikuja mapema, ua likiwa bado bichi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kulwa." Alisimama ukingoni, ncha za viatu vyake zikiwa karibu na mstari. "Nimetumwa. Watu wanauliza hiki ni kitu gani."

Kishiwa akamweleza. Akamweleza mtaa wa wanawake walioinama, kanisa la Tomaso, kilango cha chuma, na ile alasiri ya mlango mtupu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, na mzee akamsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo maana yake ni nini, kwa neno moja?"

"Maana yake humu tuko hai, Mwalimu."

Cleopa aliinamisha macho kwenye ua. Alikuwa amemzika mkewe mwaka uliotangulia, na kijiji kizima kilijua kwamba tangu siku ile alikuwa hapiki, anakula kwa binti yake Anitha.

"Na nyumba iliyofiwa," akauliza baadaye, kwa sauti ya chini, "inaanza tena lini?"

Kishiwa akafikiri. "Yule Pati alikuwa mjane. Kuna asubuhi moja alianza tena. Sikumuuliza ilikuwa lini."

Jumapili Mwalimu alihubiri habari za Tomaso, kwamba aliyeuliza hakufukuzwa, alionyeshwa. Hakutaja jina la mtu. Wiki hiyo Katarina akapita tena uwanjani na ndoo yake, akasimama, akatazama.

"Huu mstari umeuanzia wapi?"

"Hapo ulipokanyaga."

Katarina akaruka pembeni, wote wawili wakacheka. Hakujifunza kuchora, alisema mgongo wake haumruhusu, lakini ndiye aliyeanza kumwambia kila mgeni kwamba jirani yake amewahi kuzungumza na mtume. Wapo waliobaki na njia yao ya mbali mpaka leo, na Kishiwa huwaamkia kwa mbali, nao huitikia.

Shigela sasa anaishi Mikumi, ana duka la vinywaji karibu na barabara kuu, na mke, na dawa anazomeza bila kukosa. Kishiwa humtembelea kila akipata nafasi. Hukaa nyuma ya duka, malori yakinguruma upande wa pili, na mbele yao nyika ya mbuga imelala kijivu mpaka milimani.

"Nisimulie, dada," husema Shigela, akifumba macho.

Naye husimulia. Kwa miaka mingi amesimulia ufukwe, ukumbi, picha ndefu kuliko nyumba, na kila mara Shigela husikiliza mpaka mwisho. Safari hii alimkatiza.

"Na bahari niliiona mimi mwenyewe. Kwenye dirisha la wodini."

Kishiwa akamgeukia. Lile dirisha alilifahamu vizuri. Lilitazama ukuta wenye mabomba, na juu ya mabomba njiwa.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Tulivu," Shigela alisema. "Maji yamekaa sawa, halafu kulikuwa na watu wanatembea ndani yake taratibu, wamebeba kitu. Miche, nadhani. Wakawa wanapanda."

"Wengi?"

"Wengi, dada. Mpaka mwisho wa macho."

Kishiwa aliyatambua hayo majaruba ya nyumbani, lakini alimtazama uso, jinsi ulivyolegea, na hakumsahihisha. Mkewe Shigela akaita kutoka ndani kwamba wali umeiva, na mteja akagonga kaunta kwa sarafu akitaka soda ya baridi. Shigela akafumbua macho, akainuka, akaenda kumhudumia.