Lifti Iliyompeleka Injinia Bungeni

Yuko mbunge mmoja huko Ufilipino ambaye nimemtengeneza mimi, papa hapa Neasden, mtaa wa London, mimi niliyeishia darasa la nne. Leo nina teksi zangu na madereva wananiita bosi. Wakati huo nilikuwa na gari moja bovu na mdomo, na kilichokuwa kizima ni mdomo.

Mfilipino huyo alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Kwao injinia, London fundi wa lifti. Na lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa majuma mengi! Mwenyekiti wa wapangaji, mzee wa Kiingereza wa ghorofa ya chini, hakuona haraka. Aione ya nini, na yeye hapandi?

Injinia akaamua kugombea uenyekiti. Siku ya kwanza nilimkuta mlangoni kwa watu na mchoro wa mashine mkononi, anaeleza nyaya. Wakamfungia mlango.

"Kaka, hata hali hujauliza," nikamwambia. "Salimia kwanza! Uliza watoto, uliza mguu, uliza kama kwao mvua imenyesha. Habari ya lifti itakuja yenyewe."

Tukazunguka pamoja. Ghorofa ya juu kabisa alikaa bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Magoti yalikuwa yameshindwa na ngazi. Tangu lifti ife hakuwa amefika hekaluni kwao, na minara anaiona dirishani.

"Wewe mwenye domo," akaniambia, "huyu rafiki yako nampenda. Lakini kura inapigwa ukumbini, chini. Yangu niirushe dirishani?"

Nikamtafsiria Injinia. Akashuka ngazi akikagua mlango wa lifti kila ghorofa.

"Ni mlango tu haufungi sawasawa," akasema tulipofika chini. "Kesho naweza kuutengeneza."

"Thubutu! Uchaguzi Jumapili. Ukitengeneza sasa, utaahidi nini? Watakusahau kabla hawajafika kwao juu."

Mimi kampeni za kwetu Morogoro nimeziona. Daraja huahidiwa, halijengwi kabla ya kura.

Jumamosi mchana nikasikia ngurumo ukutani. Nikatoka mbio. Lifti ikafunguka: Injinia na ovaroli yake ya grisi, na kando yake bibi, sari ya zambarau, viatu vya kutokea.

"Umejimaliza, kaka!"

"Anataka kwenda hekaluni," akajibu, kana kwamba hilo ni jibu.

"Sogea, domo," bibi akasema. "Unaziba njia."

Jumapili ukumbi ulifurika. Ghorofa za juu zilishuka zote, wazee wa mikongojo, akina mama na vigari vya watoto, watu ambao mwenyekiti hakuwahi kuwaona mkutanoni. Mikono ikainuka. Bibi aliinua yote miwili, ikabidi aombwe ashushe mmoja. Injinia akashinda.

Wanasema ni lifti. Haya, lakini nani alimpeleka mlangoni kwa bibi?

Baadaye alirudi kwao, akagombea, akaingia bungeni. Siku aliyoapishwa akanipigia simu. Nikajiweka tayari kushukuriwa. Akaanza: hali? Watoto? Mguu? Mvua ya Neasden je?

"Mheshimiwa," nikamkata, "sema shida yako, nina abiria."

"Sina shida. Nilitaka kujua tu kama lifti inafanya kazi."

"Inafanya. Bibi yumo ndani sasa hivi, ameushikilia mlango. Nampeleka hekaluni."

"Anasemaje?"

Nikaisogeza simu ili asikie mwenyewe.

"Domo! Tunashuka au hatushuki?"