Usiku wa Kule, Asubuhi ya Gitega

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyenionyesha. Alikuwa ameleta suruali mbili za kupunguza kwenye duka la ushonaji nilikofanya kazi, katika mtaa wa Waislamu pale Gitega. Alikaa kwenye benchi akinisubiri nimalize, na macho yake hayakubanduka kwenye simu. Nikamuuliza anasoma nini.

"Sisomi. Naangalia tu," akasema, akaigeuza simu ili nione. "Tazama, hii iko Chile. Ni jangwa. Sasa hivi huko iko usiku, na sisi tuko na jua."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliona mlima uliosawazishwa kileleni, na juu yake nyumba kubwa za darubini zimesimama kwa kuachana, kila moja ina mlango mrefu uliofunguka kuelekea mbinguni. Nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilidhani ni kasoro ya kioo, nikakifuta kwa kidole. Kutoka kwenye nyumba mojawapo ulitoka mstari wa mwanga wa rangi ya chungwa ukachoma anga. Mwalimu akanieleza kwamba kamera inapiga picha kila baada ya muda mfupi, na mtu yeyote anaweza kutazama bila kuomba ruhusa. Nikampa simu yangu anitafutie.

Wakati huo sikuwa mtu wa kukaa. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Burundi, upande wa Ngara, Tanzania. Baba alizikwa huko. Amani iliporudi, mama na mimi tulirudi Mwakiro, mkoani Muyinga, kwenye kilima nilichokijua kwa kusimuliwa tu. Tulimkuta mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba, akiishi katika nyumba ya baba na kulima itongo lote, ardhi ya ukoo. Alitupa kona ya kujenga kibanda. Majirani walituita Watanzania. Kirundi changu kilikuwa kinapinda, na kila nilipofungua mdomo kisimani watoto walicheka. Nikaondoka. Nilikaa Muyinga mjini, nikachoka; nikaja Gitega, nikapanga chumba, nikahama, nikapanga kingine. Kila pahali nilianza kupachoka kabla sijawajua majirani.

Basi ule mlima wa Chile ulinishika. Niliiegemeza simu kwenye kopo la vifungo kando ya cherehani, na kila nilipofika mwisho wa mshono nilitupa jicho. Pale hapakuwa na mgomba, wala mpaka wa ua, wala mtu wa kukuuliza wewe ni wa nani. Adhana ya adhuhuri ilipolia msikitini kwetu, kule kulikuwa kunapambazuka, na ile milango mirefu ilikuwa inafungwa. Siku nyingine mawingu yalitanda na milango haikufunguliwa kabisa; hapo nilishona kwa hasira, uzi ukawa unakatika ovyo.

Mwenye duka, mama wa Kiislamu aliyezaliwa mtaa uleule, alinivumilia muda mrefu. Siku moja akavaa miwani yake, akainama juu ya simu.

"We binti, unaangaliaka nini humu kila siku? Mi naona mawe tu. Iko mtu?"

"Wapo, mama. Wako ndani, wanatazama nyota."

"Na we unatazama wao wakitazama." Akacheka, kisha akanigeukia uso mkavu. "Mama yako iko Mwakiro peke yake. Huyo unamutazamaka lini?"

Nikarudi kwenye mshono. Lakini wiki hiyohiyo mama yangu akapiga simu. Alisema wabashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, watakaa kusikiliza habari ya itongo letu. "Njoo usimame nami," akasema. "Wewe ndiye mtoto wa baba yako."

Nilipanda gari la kupitia Karuzi. Njia nzima nilipanga maneno. Nilijua nitakavyosimama mbele ya wazee, nitakavyomnyooshea mama mkubwa kidole, nitakavyomuuliza alikuwa na haki gani ya kulala katika nyumba ya baba huku sisi tunalala chini ya hema. Niliyapanga kwa Kirundi, neno kwa neno, nisije nikachekwa.

Kikao kilikuwa alasiri. Asubuhi yake sikuweza kukaa kibandani; nilitoka, nikaingia, nikafagia pale palipokwisha kufagiliwa. Mama akaniuliza kama ni kweli, kama alivyosikia, kwamba naangalia jangwa kwenye simu.

"Nani kakwambia?"

"Tajiri wako. Alinipigia. Anakuogopea. Nionyeshe."

Mtandao ulishika juu ya kilima tu, karibu na mikalitusi. Tulipanda, tukakaa kwenye majani, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili. Kule ilikuwa karibu na alfajiri, na chini ya ule mlima wa giza palipita mstari mwembamba wa mwanga.

"Hiki nini?"

"Gari. Wamemaliza kazi, wanashuka kulala. Huwa hawawashi taa kubwa, zinaharibu giza."

"Wanalala asubuhi?"

"Ndiyo. Usiku wanakesha, mchana wanalala."

Picha ikabadilika, mstari ukapotea. Aliendelea kukitazama kioo.

"Sisi pia tulikwenda hivyo, tulipokimbilia Tanzania," akasema. "Giza tupu, hakuna kuwasha hata kiberiti. Mchana tunalala kwenye majani ya mtama. Wewe ulikuwa tumboni, unapiga mateke kama sasa, hujui kutulia." Akanirudishia simu. "Waliokuwa wanatutafuta walifika nyumbani asubuhi. Mama yako mkubwa alikuwa amebaki, mume wake alikuwa mgonjwa hawezi kutembea. Wakamuuliza tumekwenda wapi. Akawaambia sokoni Muyinga. Wakamvunja mkono, akarudia hilohilo, sokoni. Tulivuka mpaka kwa sababu ya mkono ule."

Nilikuwa nimeuona ule mkono mara nyingi, umepinda kwenye kiwiko. Nilidhani alizaliwa nao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza lini? Hukai."

Alasiri wazee walikaa kwenye viti vya kuazima mbele ya nyumba ya baba. Mama mkubwa alisimama upande mmoja, mikono ameificha ndani ya kitenge. Mama aliposimama, hakusema hata neno moja kati ya yale niliyoyapanga. Alisema anataka itongo likatwe katikati, kuanzia barabarani hadi bondeni, na nyumba ibaki kwa aliyeitunza. Mzee mmoja akamuuliza kama ana hakika, maana sheria ingeweza kumpa zaidi. Akasema ana hakika. Kisha mzee akanigeukia mimi: "Na mtoto wa marehemu anasemaje?"

Nilikuwa na hasira bado. Hasira haiondoki kwa sababu umeambiwa ukweli asubuhi. Nyumba ile ilikuwa ya baba, na nilitaka angalau mlango wake. Nikamtazama mama, nikamtazama mama mkubwa, ambaye alikuwa anatazama ardhi.

"Ninakubali," nikasema. Kirundi kilinitoka kimepinda vilevile. Hakuna aliyecheka.

Tukapanda miyenzi, miti ya ua, kwenye mpaka kabla jua halijazama. Mama aliipanda yake, mama mkubwa yake, kwa mkono mmoja, huku mimi nachimba mashimo.

Sitasema nilitulia. Kesho yake tu nilikuwa barabarani nasubiri gari la Gitega, nimemwachia mama ahadi ya kuja kulima mvua zikianza, ahadi ambayo nimeitimiza, ingawa kila mara naondoka mapema kuliko nilivyosema. Mama mkubwa alinisindikiza, kikapu cha maharagwe kichwani. Gari lilipoonekana kwenye kona akanitwika kikapu.

"Utakaa Gitega?" akauliza.

"Sijui, mama mkubwa."

"Ukihama, tujulishe uliko," akasema. "Tusije tukaulizwa tukakosa la kujibu."