Mama Hasa na Mashine Isiyoitika

Saa nne asubuhi simu inalia katika chumba cha mafundi wa kompyuta hospitalini. Muuguzi wa benki ya damu anasema mashine imekufa, na kuna mama aliyejifungua anayesubiri damu.

"Pole, mwanangu. Imekufa ikiwa imeandika nini kwenye skrini?" anauliza fundi wa kike mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Hamsahihishi muuguzi kwamba mashine haifi. "Mtu akija analia jino, nianze kumfundisha majina ya meno?" ananiambia baadaye, mimi mgeni wao wa siku hiyo.

Lakini simu ikishakatwa, ulimi wake ni mwingine. Fundi mwenzake ameshatamka kwamba seva imeanguka, ile kompyuta kuu inayohudumia wodi zote, na mkono wake uko tayari kuizima na kuiwasha upya.

"Imeanguka, au haifikiki?"

"Mama Hasa, kwani si mamoja?"

"Kwenye chai ni mamoja. Mkono ukiwa juu ya mashine, sema nini hasa."

Ndiko lilikotoka jina lake la utani. Wakinywa chai, naye husema mashine imenuna, imesusa, na hucheka kuliko wote. Ila kazini amewazoesha wenzake: taja kitu kwa jina lake kamili, mwenzako alirudie, ndipo uguse.

"Haya, kitendawili," anasema. "Namwita haitiki, wala hajafa."

Mwenzake anaguna, anaondoa mkono, anapiga simu wodi ya watoto. Huko wauguzi wanaendelea kuandika dozi za dawa kwenye kompyuta kama kawaida. Kumbe seva ni nzima. Angeizima, angewakata wote.

"Njia imekatika," anajibu kitendawili. "Seva haifikiki kutoka benki ya damu."

"Haifikiki kutoka benki ya damu," Mama Hasa anarudia, na tayari wanashuka ngazi mbiombio.

Waya umechomoka kwenye kisanduku cha mtandao kilichoko ukumbini. Wanauchomeka, taa ya kijani inapepesa, na damu inapelekwa kwa yule mama.

Wakirudi juu, mwenzake anamtania kwamba alifaa kuzaliwa kasuku, kwa kurudia maneno. Mama Hasa anacheka. Mafundi wapya wanakuja, ananiambia, na anataka kila zamu ishike desturi hii. "Nikistaafu, hili ndilo nataka libaki."

Mchana simu inalia tena. Ni yule muuguzi: mashine imefufuka, na mama amefumbua macho, anamwulizia mwanawe.

"Imefufuka, mwanangu," anakubali Mama Hasa, na kuivua miwani aifute.