Chuma cha Kuongozea Mbao

Wakati wa vita vya Wasomali waliotaka kujitenga, nilikuwa seremala katika karakana moja mjini Garissa, mgeni kutoka Machakos. Tulikuwa tukipasua mbao za madirisha ya zahanati kwa msumeno wa mkanda. Ili zitoke upana mmoja, ilinibidi nikaze chuma cha kuongozea mbao sambamba na msumeno, nikipima mbele na nyuma, nikikigonga kidogo kidogo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza tu askari walipoingia kupekua silaha. Mmoja akakishika chuma ili ainame kuchungulia chini ya meza. Kikasogea. Nikapima upya. Adhuhuri wakarudi, naye akakishika tena.

"Afande, shika meza, usishike hicho," nilimwambia.

"Kwani nipekue nikiwa nimesimama?"

Walipotoka nililalamika mpaka koo likanikauka. Fundi mwenzangu, Msomali mzaliwa wa pale, alikuwa akijipangusa chokaa ya ukuta ambao askari walimsimamisha akiuegemea, mikono juu, mara zote mbili.

"Wewe wanakusogezea chuma tu," akasema.

Nikalegeza chuma tupime upya. Akashika rula upande wa nyuma, nami mbele. Hadi jioni tulikuwa tumepasua mbao nne tu.