Maneno Kumi na Mawili ya Jirani Yangu

Nikiri mapema: mimi ni mdaku. Sisemi mbea, maana mbea anasambaza. Mimi nataka kujua tu, nikishajua natulia. Nina duka la steshenari hapa Mpemba, jirani na Tunduma mpakani, kando ya barabara kuu ya malori, na hakuna karatasi iliyowahi kupita mikononi mwangu nisiisome. Mkataba wa shamba, cheti cha ndoa, barua ya kuachishwa kazi, majibu ya hospitali. Mtu anaipiga picha karatasi yake, anaituma kwenye simu ya duka, mimi naiprinti, naipiga laminesheni, anaondoka nayo ikiwa ngumu na inang'aa. Kwetu huku karatasi isiyopigwa laminesheni bado haijawa karatasi.

Na nakala nilikuwa natunza. Za kila mtu, miaka na miaka. Mtu cheti chake kimeliwa na panya, anakuja mbio: "Mama steshenari, si unayo ile yangu?" Natafuta, napata, najiona mtu wa maana. Mume akija kuulizia ya mkewe, namtolea. Ndugu akisema "nimetumwa", nampa. Nani huku anamdai ndugu kitambulisho? Utaambiwa una roho mbaya, na mteja umempoteza.

Udaku huohuo ndio ulioniingiza kwenye akili mnemba. Nina rafiki Mzambia, wakala wa kutoa mizigo forodhani upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anavuka karibu kila siku kuja kuprinti kwangu. Siku moja aliingia na "mulishani" yake ya kawaida, akanikuta nabandika barua ya mteja kwenye akili mnemba ya mtandaoni ili inisaidie kuinyoosha. Salamu ikamkatikia mdomoni.

"Hiyo barua ya mtu unaipeleka wapi?"

"Siipeleki popote. Si iko hapa hapa?"

Alinicheka mpaka akakaa chini, akaniambia kila ninachobandika pale kinakwenda kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Wiki iliyofuata akaja na diski ndogo mfukoni, akaniwekea akili mnemba nyingine, ya programu huria. Akanieleza kwamba hii yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuichungulia ilivyotengenezwa, na kuitumia, na kwamba inaishi ndani ya laptop yenyewe. Halafu akazima intaneti mbele ya macho yangu, akasema haya, iulize kitu. Nikaiuliza namna ya kupika makande yasichache haraka. Feni ya laptop ikaanza kulia kama cherehani, nikangoja, na ikajibu! Bila intaneti! Siku mbili sikufanya kazi ya maana. Niliiuliza kwa nini ng'ombe akitaka kulala hutanguliza miguu ya mbele. Niliiuliza kama jini anaweza kuingia kwenye kompyuta. Kiswahili chake kilikuwa cha mgeni aliyeshuka basi jana, na mara nyingine ilinidanganya bila haya, iliwahi kuniambia Tunduma iko ufukweni mwa ziwa. Lakini nilichoiambia kilibaki dukani kwangu, na hilo nililipenda kuliko nilivyotegemea.

Sasa, mlango wa tatu kutoka kwangu kuna fundi cherehani, mjane, Mndali wa milima ya Ileje, huko Itumba. Ananiita dada. Anashona mikoba ya vitenge, na nilijua kwamba mingine anawauzia wanunuzi wa ng'ambo kwa njia ya simu. Nilichokuwa sijui ni malipo yanamfikiaje, na yakifika anayaweka wapi. Miaka minne tunakula pamoja chapati za asubuhi, na sijui! Kila nikichokonoa, ananiambia kwa upole wake wa Kindali, "Riziki inatoka kwa Mungu, dada." Ilinikera sana.

Basi asubuhi moja akanitumia picha: ukurasa wa daftari ulioingia maji, umeandikwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza kwa kalamu ya bluu, kila neno na namba yake. Akaniambia mlangoni, haraka haraka, "Nipigie laminesheni, dada, isije ikaharibika yote. Jioni nitaifuata."

Nikayasoma. La kwanza mnyama, la pili chombo cha jikoni, la tatu mambo ya hali ya hewa, na kuendelea, hakuna linalojuana na mwenzake. Mazoezi ya shule? Binti yake yuko darasa la pili, maneno yale hata mimi mengine yananishinda. Nikaprinti, nikapiga laminesheni, nikaiweka juu ya kaunta, na kila nilipopata nafasi niliirudia. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeyahifadhi yote kwa mpangilio, kama nilivyohifadhi sura fupi fupi madrasa nikiwa mtoto.

Saa saba hivi akapita shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Akaegemea kaunta, akaiona. "Hii si ya shemeji? Nimetumwa niichukue." Nikampa. Wallahi nilimpa, na nikamshukuru kwa kuniondolea mzigo.

Wateja walipopungua, udaku ukanizidi nguvu. Nikafungua laptop, nikayaandika yale maneno kutoka kichwani, nikaiuliza: haya yana maana gani? Feni ikalia. Majibu yakaja neno kwa neno: yanafanana na maneno ya kurejesha pochi ya Bitcoin. Pochi gani tena, nikauliza. Tukaulizana na kujibizana pale karibu nusu saa. Nikaelewa kwamba ni pesa ya mtandaoni isiyo na benki wala wakala, na pochi yake ni programu tu ndani ya simu. Ukisahau namba ya siri hakuna wa kumpigia. Hayo maneno ndiyo ufunguo wenyewe: atakayeyaingiza kwenye simu yake, popote alipo, anazoa kila kilichomo, na hakuna mjumbe wala askari wa kukirudisha. Ikamalizia kwa kunishauri nisiyapige picha, nisiyatume kwa simu, nisimpe mtu yeyote.

Nikakumbuka ile karatasi nimempa nani. Nilijipa moyo, nikasema hii ndiyo ile iliyoniambia tuna ufukwe. Lakini miguu yangu haikuamini, ilikuwa tayari iko nje.

"Ulimtuma shemeji yako kwangu?" nilimuuliza yule fundi, hata salamu sikutoa.

"Nimtume nini?" Mguu wake ukasimama kwenye pedeli.

"Ile karatasi nimempa yeye."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliweka mkasi mezani, akanieleza kwa sauti ya chini mambo niliyokuwa nayachokonoa miaka minne, na nikatamani asinieleze. Mumewe alipofariki, simu ya marehemu ilizunguka kwa ndugu zake kabla matanga hayajaisha. Namba ya siri walikuwa wanaijua wote, maana ilikuwa namba ya nyumba nzima. Kikao kikakaa, akaambiwa pesa zilizokuwa kwenye simu ile ni za ukoo. Cherehani ilipona kwa sababu siku hiyo ilikuwa kwa mtu inatengenezwa. Tangu hapo yeye na binti yake wanaishi kwenye chumba cha nyumba ya ukoo huo huo, na shemeji huyu ndiye anayeshika funguo za geti. Mnunuzi wa ng'ambo alipompendekezea kumlipa kwa Bitcoin, aliuliza swali moja tu: je, kikao kinaweza kuichukua? Akajibiwa kwamba bila maneno yake, hakiwezi.

"Kila mkoba nilioshona miaka miwili uko humo," alisema. "Kuna kiwanja Igamba, mwenyewe ananingoja mimi. Ndiyo nihame pale, mimi na mwanangu."

Nikamfokea. Woga ukinishika mimi nafoka. "Sasa kitu kama hicho unakituma kwangu mimi kwa sababu gani? Mimi! Hunijui?"

"Kila mtu anatuma kwako," akasema.

Nikamuuliza kama shemeji anaelewa alichobeba. Akasema, "Anajua nina kitu, anapekua kila mahali, ila hajui ni kitu gani." Halafu akasimama ghafla, akafuta mikono kwenye gauni. "Intaneti ya dukani kwako ipo?"

Ilikuwepo. Tukaingia, nikateremsha mlango. Alijua cha kufanya kuliko mimi na mashine yangu: anafungua pochi mpya yenye maneno mapya, anahamishia kila kitu huko, ile ya zamani inabaki ganda. Akachukua karatasi na kalamu kwenye meza yangu. Halafu akaniangalia.

"Toka, dada."

"Nitoke niende wapi? Hili duka ni langu!"

"Naomba utoke."

Nikatoka. Nikasimama juani nje ya mlango wangu mwenyewe, mbele yangu foleni ya malori imenyooka kuelekea mpakani, na, Mungu anisamehe, hata saa ile bado nilikuwa natamani kujua maneno mapya ni yapi.

Hazikupita dakika kumi, namwona shemeji anakuja, karatasi mkononi, inang'aa juani.

"Mama steshenari! Si una ile kompyuta inayojibu maswali? Hebu iulize haya maneno ni ya nini. Shemeji yangu hawezi kupiga laminesheni kitu cha bure."

Alikuwa na haki kabisa kuwaza hivyo, hata mimi ningewaza. Nyuma yangu, upande wa pili wa bati la mlango, sikusikia hata pumzi.

"Sijui," nikasema.

"Najua hujui. Nasema tuiulize kompyuta."

"Umeme hakuna. Huoni nimefunga?"

Akaangalia saluni ya jirani, redio inapiga. Akaniangalia mimi. Nikakumbuka kuna kitu kinaitwa kukasirika, nami nimejaliwa. "Kwanza wewe ulinidanganya umetumwa! Mwenyewe amekuja hapa kunitukana kwa ajili yako! Unataka nifungiwe duka? Lete hapa!" Nikanyoosha mkono kuinyakua. Akairudisha nyuma, akacheka, akasema atampelekea mwalimu mmoja anayemfahamu mjini, anajua sana Kiingereza. Akapanda bodaboda. Nilimwangalia mpaka akamezwa na malori.

Nikagonga. Akafungua kidogo. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Zimeenda?"

"Nimetuma. Imeandika inasubiri kuthibitishwa."

"Inasubiri nini? Anayethibitisha ni nani?"

Hata yeye hakujua kunieleza vizuri. Tukakaa sakafuni, simu katikati yetu, sisi wanawake wawili tukiiangalia kama sufuria ya maziwa. Siwezi kusema ilichukua muda gani. Nilisoma kimoyomoyo kila dua ninayoijua, naye alikuwa anaomba kwa Kindali, midomo tu ikicheza. Mara mbili simu iliita, mteja anaulizia sketi, na mara zote mbili tuliruka. Kisha maandishi yakabadilika. Akasoma, akasoma tena, akalaza paji la uso juu ya mashine ya fotokopi akalia kwa sauti. Mimi pia nililia, kwa aibu zaidi kuliko furaha.

Siku iliyofuata nilifuta. Simu ya duka, laptop, na ile akiba ya mtandaoni ambayo hata sikujua ipo, mpaka akili mnemba yangu iliponielekeza pa kuitafuta. Picha za watu zilikuwa zimejirundika huko miaka yote, vyeti na magonjwa na talaka. Wateja wamenisema sana. "Nakala yangu umeitupa? Umeanza kuringa?" Wengine wamehamia duka la ng'ambo ya barabara, ambako bado wanatunziwa. Na mimi nikiona karatasi ya mtu bado naisoma, sitaki kudanganya. Najitahidi kuisoma haraka, niisahau.

Fundi hakuniletea kitu tena. Tulisalimiana, chapati tukala, blauzi yangu akaishona vizuri tu, lakini karatasi za shule za binti yake nilimwona anavuka nazo barabara. Iliniuma. Nilitaka kumfuata nimwambie nimebadilika, nikaona maneno ya bure hayo.

Mpaka juzi. Aliingia mchana, duka tupu, akatuma picha kwenye simu yangu akiwa amesimama hapo hapo. Ulikuwa mkataba wa kiwanja cha Igamba. Mnunuzi: jina lake mwenyewe, na la binti yake chini. Nikaprinti nakala mbili, nikampa hongera, akaitikia. Hakuondoka. Alizunguka kaunta, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kufika, akasimama nyuma yangu, macho kwenye skrini. Nikafuta kwenye simu. Nikafuta kwenye laptop.

"Tayari," nikasema.

"Bado kwenye pipa," akasema.

Nikafungua hilo pipa la vilivyofutwa, nikafuta na huko, yeye akiangalia.